Nani Atakiona Kiti cha Mativo?

Kila asubuhi, kabla ya kunywa chai, Mativo alimbeba binti yake kutoka kitandani na kumkalisha kwenye kiti. Kilikuwa kiti cha mbao. Mativo alikichonga kwa mikono yake mwenyewe. Kilikuwa na mgongo mrefu, mabawa mawili ya kuegemeza kichwa, mkanda laini wa kifuani na kibao cha kuwekea miguu.

Binti huyo aliitwa Kavindu. Alikuwa na umri wa miaka saba. Alizaliwa na mtindio wa ubongo. Shingo yake haikuwa na nguvu, na mgongo wake haukuweza kujishikilia. Bila kiti alilala tu, akitazama mabati ya paa. Akiwa kwenye kiti aliona kila kitu. Alimwona mama akikoroga uji. Alimwona paka wa jirani akipita ukutani. Alimwona baba yake akifunga kamba za viatu.

"Umeketi vizuri, mama?" Mativo alimwuliza.

Kavindu hakuweza kusema. Alicheka, na macho yake yakamjibu baba.

Ulikuwa mwaka wa 1999. Familia hii iliishi Komarock, Nairobi. Mativo alitoka katika ukoo wa wachongaji kule Ukambani. Zamani alichonga vinyago vya twiga na vifaru vya kuuzia watalii. Kavindu alipozaliwa, aliacha wanyama na kujifunza kutengeneza viti. Cha kwanza kilimchubua mtoto mgongoni. Cha pili kilianguka. Cha tatu kilimkaa vizuri. Mke wake, Nthoki, alishona mito ya kuweka ndani, na akina mama kliniki walipokiona walitaka na wao.

Kwa miaka kadhaa kazi ilikwenda vizuri. Kituo kimoja cha kutunza watoto walemavu kiliagiza viti vingi. Kisha wafadhili wa kituo wakaondoka, na kituo kikafungwa. Viti vilivyokuwa tayari vikabaki kwenye kibanda nyuma ya nyumba. Nthoki alivifunika kwa magunia ili visishike vumbi.

Siku moja Mativo alirudi kutoka madukani.

"Nimepata habari kutoka Mombasa," alimwambia mke wake. "Wanataka mchongaji wa wanyama. Kazi ipo, na mshahara upo."

Nthoki alikuwa akimlisha Kavindu uji. Hakuinua kichwa. "Na wewe unataka kwenda?"

"Sitaki. Lakini tutakula nini?"

"Na huyu atabebwa na nani?" Nthoki aliuliza polepole. "Mgongo wangu unauma, Baba Kavindu. Anakua. Mwaka huu mimi siwezi tena kumwinua peke yangu."

Mativo alichukua kijiko kutoka mkononi mwa mke wake, akaendelea kumlisha mtoto.

Wiki iliyofuata alikuja Mulwa. Mulwa alikuwa kijana wa kwao, mtoto wa jirani yao kijijini. Alikuwa amemaliza kozi ya kompyuta mjini. Alivaa tai, na alizungumza haraka kama vijana wa mtaani.

"Sasa, Baba Kavindu? Kazi inaendaje?"

"Kazi imelala, Mulwa."

Mulwa aliinua gunia moja akatazama viti. "Hivi vitu ni poa sana. Shida yako ni moja tu. Watu hawajui uko hapa. Siku hizi mtu akitaka kitu anauliza intaneti. Kuna mitambo ya kutafutia. Unaandika unachotaka, nayo inakuletea orodha ya kurasa. Mimi nitakutengenezea ukurasa. Halafu nitaufanya uwe wa kwanza kwenye orodha. Hiyo ndiyo kazi yangu. Mimi ni mtaalamu wa kuonekana."

"Wa kwanza mtu akitafuta nini?" Nthoki aliuliza.

"Akitafuta chochote, Mama Kavindu. Namba moja, dunia nzima."

Mativo na Nthoki hawakuwahi kutumia intaneti. Hawakujua swali gani lingine la kuuliza. Nthoki alikuwa na akiba ndogo ya kununua cherehani mpya. Aliifikiria cherehani, kisha akamfikiria mume wake akiwa Mombasa. Akampa Mulwa ile akiba.

Walikubaliana kwamba Mulwa atakuwa akienda Eastleigh, kwenye ofisi ya kompyuta ya dada mmoja anayeitwa Amino. Hapo atasoma ujumbe wa wateja na kuwaletea ukiwa umechapwa kwenye karatasi.

Haukupita muda mrefu, Mulwa akarudi akitabasamu. "Wameanza kuandika," alisema.

Mativo aliketi, akasomewa ujumbe mmoja baada ya mwingine. Mtu mmoja alitaka simba wa mbao wa kuweka mezani. Mwingine aliuliza kama wanakodisha magari ya kwenda mbugani. Mwingine alitaka kujua matokeo ya mpira. Mwingine aliuliza kuhusu harusi.

"Hakuna aliyeuliza kuhusu kiti?" Mativo aliuliza.

"Watakuja tu. Ona vile watu ni wengi."

Wiki zikapita. Ujumbe ulizidi kuja, na wote ulikuwa wa namna ile ile. Mativo alikuwa mtu mwenye adabu. Alimwomba Mulwa amjibu kila mtu, hata yule wa mpira.

Siku moja Nthoki aliingia kibandani kuchukua sponji ya mto. Juu ya meza ya kazi aliona kipande cha mti wa mjakaranda. Kichwa cha simba kilikuwa kimeanza kutokeza, na manyoya ya shingoni yalikuwa yamechongwa nusu.

"Huyu ni wa nani?" aliuliza.

Mativo aliweka tezo chini. "Si wa mtu. Ninajaribu mkono wangu tu. Mombasa wanataka simba."

"Umeshawajibu?"

"Nimewaambia nitafika mwisho wa mwezi." Alipangusa vumbi la mti kwenye masikio ya simba. "Dunia yote imeulizwa, Nthoki. Dunia yote inataka simba. Hakuna anayetaka kiti."

Nthoki alisimama mlangoni. Alichukua sponji yake akatoka.

Kesho yake alimwachia Mativo mtoto, akaenda Eastleigh. Alipanda ngazi hadi kwenye ofisi ya Amino, juu ya maduka ya vitambaa. Amino alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye buibui na miwani. Aliwafundisha watu kompyuta na kuwatengenezea kurasa za intaneti.

"Dada, naitwa Mama Kavindu," Nthoki alisema. "Mume wangu ana ukurasa. Mulwa ndiye aliyeutengeneza. Sijawahi kuuona. Nataka kuuona kwa macho yangu."

"Hiyo ni haki yako," Amino alisema. "Keti hapa karibu nami."

Ukurasa ulifunguka. Juu kabisa palikuwa na picha ya simba. Chini, kwenye pembe, palikuwa na picha ndogo ya kiti cha Kavindu. Hapakuwa na neno hata moja la kueleza kile kiti ni cha nini. Baada ya hapo palikuwa peupe.

Amino alikunja uso kidogo. Akabonyeza na kukiburuta kielekezi cha kompyuta juu ya sehemu ile nyeupe. Maneno mengi yakatokea, yamejaa kama siafu. Simba. Safari. Mbuga. Mpira. Harusi. Bei rahisi. Simba. Safari. Yalirudiwa tena na tena.

"Hayo yametoka wapi?" Nthoki aliuliza.

"Yalikuwepo. Yameandikwa kwa rangi nyeupe juu ya rangi nyeupe. Macho ya mtu hayayaoni, lakini mtambo unayasoma."

"Sielewi."

Amino aligeuza kiti chake wakatazamana. "Mama, wewe ukija hapa Eastleigh na hulijui duka unalolitaka, unafanya nini?"

"Namwuliza mtu."

"Mtambo wa kutafutia ni huyo mtu. Amepita kila mtaa, amesoma vibao vyote. Ukimwuliza, anakumbuka vibao, anakuelekeza. Sasa, kama kibao chako kimeandikwa simba na mpira, atakuletea nani?"

"Watu wa simba na mpira."

"Na yule mama anayetafuta kiti cha mtoto wake?"

Nthoki alitazama ile picha ndogo. "Hataletwa. Hatukuandika popote."

"Ndiyo. Na mtambo hauoni picha. Unasoma maneno tu. Kuna jambo lingine. Mitambo mingine ikigundua maneno yaliyofichwa, inaukataa ukurasa wote. Halafu hakuna anayekupata tena."

"Kwa hiyo Mulwa ametuibia?"

"Moyo wake siujui," Amino alijibu. "Wengi wamefundishwa hivi. Wanadhani watu wakiwa wengi, biashara ni nzuri. Lakini alikuahidi nini?"

"Nafasi ya kwanza. Dunia nzima."

"Ile orodha inapangwa na wenye mtambo. Mulwa haipangi, na mimi siipangi. Anayekuahidi nafasi ya kwanza anakuahidi kitu ambacho si chake."

"Basi tusiwalipe wataalamu hawa kabisa?"

"Sikusema hivyo. Ndugu yangu Hared ana duka la vitambaa hapo chini. Wateja wake wote wanapita mlangoni. Alitaka kumlipa mtaalamu, nikamkataza. Nilimwambia anunue taa nzuri, watu waone rangi za vitambaa. Lakini nina rafiki anayepangisha vyumba kwa wageni kutoka ng'ambo. Wageni wake wanamtafuta wakiwa mbali, na hawawezi kupita mlangoni kwake. Yeye alimlipa mtaalamu mwaminifu, na vyumba vinajaa. Kwa hiyo anza na swali moja. Wateja wenu ni nani, na wanawatafuta wapi?"

Nthoki alifikiria. Alijikumbuka mwenyewe na Kavindu mdogo mgongoni. "Ni akina mama kama mimi. Hawana kompyuta. Wanakwenda kliniki. Huko wanaonana na wale wa mazoezi ya viungo, ndio wanaowaambia watafute kiti. Lakini hata wao hawajui kinapatikana wapi."

"Na hao wa mazoezi, wana kompyuta ofisini?"

"Baadhi yao. Niliiona moja mezani, imefunikwa kitambaa."

"Basi ukurasa uwe wa hao," Amino alisema. "Uandikwe kwa maneno ambayo mtu huyo angeyatumia akiuliza. Kwa Kiingereza na kwa Kiswahili. Sema kitu ni nini, ni cha nani, na mko wapi. Hiyo mnaweza kuifanya wenyewe, nami nitawasaidia. Na akina mama wasio na kompyuta, waendee kwa miguu. Intaneti haikatazi mtu kutembea."

Nthoki alicheka kidogo, mara ya kwanza kwa siku nyingi.

Amino alimsindikiza hadi kwenye ngazi. "Na siku nyingine mkitaka kumlipa mtaalamu, mwulizeni kabla: utafanya kazi gani hasa? Utatuonyesha? Neno la siri la ukurasa tutakuwa nalo sisi? Mtu mwaminifu hakasirishwi na maswali hayo."

Jumapili, baada ya kanisa, walimwita Mulwa nyumbani. Nthoki alimweleza yote aliyoyaona. Hakupaza sauti. Mulwa alilegeza tai yake akatazama sakafu.

"Ndivyo tulivyofundishwa, Mama Kavindu," alisema. "Niliona wakija watu wengi, mmoja atanunua. Sikutaka kuwaumiza."

Mativo alimwonyesha Kavindu, aliyekuwa ameketi karibu na dirisha.

"Mulwa, mimi nikitengeneza kiti kipana ili kila mtoto akitoshe, hakuna mtoto atakayekaa vizuri. Atateleza. Huwa nampima mtoto mmoja, namtengenezea yeye. Maneno yako pia yapime hivyo."

Mulwa aliitikia kwa kichwa. Jioni ile ile aliwapa neno la siri la ukurasa. Kesho yake walikwenda wote watatu kwa Amino, Kavindu akiwa mikononi mwa baba yake. Mulwa aliyafuta maneno yote yaliyofichwa. Alimwondoa simba. Nthoki alisema maneno na Amino akayaandika kwa Kiswahili na kwa Kiingereza: viti vya mbao, kwa watoto wasioweza kukaa wenyewe, kwa watoto wenye mtindio wa ubongo, Komarock, Nairobi, tunampima kila mtoto. Chini ya picha ya kiti cha Kavindu wakaeleza kila sehemu ya kiti na kazi yake.

Mulwa alikataa kulipwa kwa kazi hiyo.

Siku zilizofuata Nthoki alizunguka kwenye kliniki za karibu. Alibeba picha ya Kavindu akiwa kwenye kiti. Aliwaachia wauguzi anwani yao.

Mwanzoni hakuna kilichotokea. Watu wa simba waliacha kuandika, na hakuna mwingine aliyeandika. Mativo alianza kupanga vifaa vyake kwenye sanduku. Aliweka tezo, patasi na misasa. Nthoki alimfulia mashati ya safari, akayapiga pasi.

Ndipo Mulwa alipokuja mbio, jasho likimtoka, karatasi moja mkononi. Ulikuwa ujumbe kutoka kwa mwanamke anayeitwa Triza. Alikuwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo katika hospitali moja. Alikuwa ameuliza mtambo kuhusu kiti cha mtoto asiyeweza kukaa, hapa Nairobi. Ukurasa wao ulikuwa miongoni mwa zile chache zilizoletwa. Alimhudumia mama mmoja wa mtaa wa Lucky Summer aliyehitaji kiti cha mwanawe haraka.

Mativo alisoma ule ujumbe, akausoma tena. Kisha alifungua sanduku akatoa kamba ya kupimia.

Mama yule aliitwa Kageha. Alitoka Maragoli. Zamani alifanya kibarua katika kiwanda kimoja cha mtaa wa Baba Dogo, lakini aliacha ili amtunze mwanawe, Luseno. Luseno alikuwa na miaka minne. Mativo na Nthoki walimkuta Kageha ameketi kwenye stuli, mtoto mapajani, mkono mmoja ukikata sukuma wiki na mwingine ukishikilia kichwa cha mtoto.

"Karibuni. Nyumba ni ndogo," alisema. "Samahani, siwezi kusimama."

"Usisimame, Mama Luseno," Nthoki alisema. Aliketi sakafuni karibu naye. "Mimi pia nimekaa hivyo miaka mingi."

Mativo alimpima Luseno taratibu, mgongo, nyonga, magoti na shingo. Alimwimbia wimbo wa Kikamba akiwa anapima, na mtoto akatulia.

"Mnakaa wapi?" Kageha aliuliza.

"Komarock."

Kageha alitikisa kichwa. "Komarock hapa tu. Nimembeba mtoto huyu Nairobi nzima. Nimeuliza kila mtu. Na ninyi mko Komarock."

Kiti kilipokuwa tayari, Mulwa aliomba kwenda nao. Alikibeba begani hadi mlangoni. Mativo alimweka Luseno ndani, akafunga mkanda, akasogeza bawa la kushoto kidogo. Kichwa cha Luseno kilitulia. Mtoto alitazama mbele. Alimtazama mama yake usoni, kwa muda mrefu, kama mtu anayejifunza sura.

Dada yake mkubwa alileta sahani ya ugali akaiweka kwenye kimeza kilichofungwa mbele ya kiti. Luseno akaweka kiganja ndani ya ugali, akacheka.

Kageha alibaki ameketi kwenye stuli. Mikono yake ilikuwa bado imekunjwa mbele, kama imebeba mtoto. Aliitazama.

"Hii mikono," alisema kwa sauti ndogo, "sijui niiweke wapi."

Nthoki aliishika yote miwili. Mulwa aligeukia mlango, akajifanya anatazama nje.

Triza aliwaambia wenzake wa hospitali nyingine. Wauguzi waliopewa picha nao walianza kutuma akina mama. Wateja hawakuwa wengi kama wale wa simba, lakini kila aliyekuja alihitaji kiti. Mativo alipiga simu Mombasa, akawashukuru, akawaambia watafute mtu mwingine. Vile viti vya kibandani vilirekebishwa na kupata watoto.

Mwishoni mwa mwaka ujumbe ulianza kuja kutoka Kampala na Arusha. Wateja hao walikuwa mbali, na Nthoki hakuweza kuwafikia kwa miguu. Mativo na mke wake wakakaa chini wakafikiria. Kisha wakamwita Mulwa, na safari hii wakamlipa. Lakini walikubaliana kwanza kazi ni nini. Angeandika ukurasa mmoja kwa kila aina ya kiti. Angewaonyesha kila anachoandika. Neno la siri lingekaa kwa Nthoki. Hakuahidi nafasi ya kwanza, nao hawakumwomba.

Kabla ya kuanza, Mulwa alikwenda Lucky Summer peke yake. Alimkuta Kageha akifua, na Luseno kwenye kiti chake kando ya beseni, akipiga povu kwa mkono.

"Mama Luseno," Mulwa aliuliza, "kama ungekuwa na kompyuta siku zile, ungeandika nini?"

Kageha aliacha kufua. Alifikiria. "Ningeandika hivi: mtoto wangu hawezi kukaa, nani atanisaidia?"

Mulwa alikwenda Eastleigh akayaandika maneno hayo juu kabisa ya ukurasa, bila kuyabadilisha. Kisha akamwomba Nthoki aandike jibu chini yake. Nthoki aliketi mbele ya kompyuta. Alitafuta herufi moja moja kwa kidole kimoja, na Amino hakumharakisha.

Aliandika: "Sisi tuko Komarock. Njoo na mtoto."